Maadamu Nyumba ya Hebron Imesimama

Ubao ulikinyakua kilemba cha Yamide Hebron katikati ya Mtaa wa Malamah Thomas, mchana kweupe, mbele ya wauza vitambaa wote wa Freetown, ukaenda nacho. Ulikuwa ubao mrefu, mwekundu kwa uzee, umekaa begani mwa kijana ambaye hakuwa na habari kwamba nyuma yake ameacha kichwa kitupu.

"We! We fundi! Nirudishie kichwa changu!"

Kijana akageuka. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Mwenye ubao wa futi kumi na mbili hageuki sokoni. Ncha ya mbele iliangusha mwavuli wa muuza soksi, ncha ya nyuma ikakumba beseni la karanga, na kufumba na kufumbua watu sita walikuwa wanamtukana kwa lugha nne.

"Dada, nisamehe," akasema, amesimama kama mlingoti asije akaharibu zaidi. "Kilemba chenyewe kiko wapi?"

"Kwenye mkia wako."

Muuza soksi alicheka mpaka akasahau mwavuli. Yamide naye midomo ilimcheza, akaibana. Alikuwa amevaa gauni la chapa la manjano alilolishona mwenyewe, limemkaa kiunoni kama limemwagwa, na kwapani alibana vitambaa vya sare ya harusi ya wanawake arobaini. Akanyoosha mkono kukichomoa kilemba kwenye msumari uliokikamata. Mkono ukabaki palepale juu ya ubao.

"Huu umetoka kwa akina Thorpe."

"Umejuaje?"

"Rangi. Kijani juu, ya harusi ya binti yao. Chini yake bluu, chini ya bluu nyeupe. Nimecheza kwenye baraza ile." Akamtazama. "Nyumba imevunjwa lini?"

"Jana," kijana akajibu kwa sauti ya chini, kama anayetoa pole. "Mbao nyingine wamezigawa kuni. Kumi na mbili nimeomba niziokoe, huu ni wa mwisho."

"Uziokolee nini?"

"Sijui. Nyumba itakayozihitaji."

"Ninayo moja," akasema Yamide.

Jana! Hivyo ndivyo zinavyokwisha katika mji huu, siku moja moja, na kila moja ina jana yake. Watu walioshuka merikebuni wakitoka baridi ya Nova Scotia, ambao babu zao waliuzwa kama bidhaa, walijenga kwa mbao kwa sababu ndivyo walivyojua kujenga, na wakajenga wima, mlango wa mbele ukitazama mtaa ili anayepita ajue humu anakaa mtu mwenye jina. Mvua haikuziangusha nyumba hizo, wala moto haukuzimaliza zote. Zilizobaki zinauawa na wajukuu wenye miwani ya jua na wenye fedha wanaotaka vioo vya bluu kutoka chini mpaka juu. Na wakubwa wetu hukata utepe.

Kijana aliitwa Santigie Dumbuya. Jioni ile simu ya Yamide ililia.

"Nani?"

"Mwenye mkia."

"Namba yangu umeipata wapi?"

"Umenipa mwenyewe, nije kuiona nyumba. Nimekuwa mgonjwa tangu saa tano. Nyumba yako hainiachi."

"Nyumba?"

"Nimeanza na nyumba, Dada Yamide. Sina haraka."

Alikuja Jumamosi. Aliizunguka nyumba ya Hebron mara tatu bila kusema neno: ghorofa moja juu ya msingi wa mawe mekundu, kuta za mbao zilizolaliana kama magamba ya samaki, madirisha ya vibao, na kipaa kilichochoka. Kwenye kona ya mbele alipiga magoti, akachomeka bisibisi kwenye boriti ya chini, ile inayobeba ukuta mzima. Ikazama hadi mpini.

"Mchwa," akasema.

Barazani juu akatokea Anti Regina, dada wa marehemu baba yake Yamide, na kabasiloti, gauni lake pana la maua, viatu vya zulia miguuni, miwani puani.

"Huyu nani?"

"Fundi, Anti. Santigie Dumbuya."

"Dumbuya wa wapi?"

"Wa Port Loko, Mama," Santigie akajibu. "Kazi nimefundishwa na Mzee Pratt wa Murray Town."

"Pratt? Na Pratt alikubali kumfundisha mtu wa bara?"

"Alilalamika miaka saba, Mama. Halafu akaniachia randa zake."

Anti Regina akaguna, akaingia ndani. Baadaye jikoni, akimkoroga Yamide pamoja na mchuzi wa majani, alisema: "Kupiga misumari apige. Lakini watu wa bara, mwanangu, ukiwapa kiti wanataka meza." Yamide akaendelea kuchambua majani. Alikuwa ameyasikia maneno hayo tangu utotoni, hata alikuwa hayasikii tena, na ndiyo hatari ya maneno ya nyumbani.

Walipendana kwa mtindo wa watu wenye kazi. Simu saa ya chakula. Akara za kunde, za moto, katika karatasi, zimeachwa kwenye dirisha la chumba cha kushonea. Santigie alikuwa akimwita "Mwenye sindano", naye akimwita "Mkia", na siku moja ufukweni Lumley, chumvi midomoni, Santigie akamwita "mpenzi", kisha wote wawili wakatazama kwingine kana kwamba neno hilo limesemwa na mtu aliyepita.

Lakini furaha yao ilikuwa na mwenye kuihesabia siku. Babu yake Yamide, mzee Hebron, aliandika katika wasia wake: *Nyumba hii isiuzwe na yeyote wa damu yangu maadamu imesimama.* Alidhani amefunga mlango. Hakuwafikiria watoto wake vizuri. Mdogo wake Regina, Ransford, alirudi kutoka ng'ambo mwaka uliopita na alilisoma neno lile "maadamu" kama mwizi anavyolisoma dirisha. Ikianguka, inauzwa. Na mnunuzi alikuwapo tayari. Mwezi wa tano, alama nyekundu ya msalaba ilipakwa kwenye ngazi za mbele, na barua ya halmashauri ikaja: mkaguzi atafika Alhamisi ya pili ya mwezi wa sita. Akiiona nyumba haijasimama sawasawa, itavunjwa.

"Nani aliyewaita?" Yamide aliuliza kwenye simu.

"Mimi, binti yangu," Anko Ransford akajibu bila aibu. "Ile si nyumba, ni jeneza lenye madirisha. Nawapenda, ndiyo maana. Shangazi yako ataangukiwa."

Tangu siku hiyo Yamide hakulala vizuri. Kila mlio wa mbao aliuhesabu. Mvua ilipopiga Leicester mlimani alikuwa akiweka kiganja ukutani, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Santigie alitafuta boriti mpya wiki mbili, akaipata, mti mgumu ulionyooka, akairanda uani.

"Tutaiweka Jumatano?" akauliza Yamide Jumatatu kwa simu.

"Jumatano, mpenzi. Kesho wewe uko Waterloo na sare zako. Nenda, usihangaike."

"Nikisema sihangaiki nitakuwa nadanganya."

"Basi hangaika kwa adabu. Shona kwanza."

Jumanne alipeleka magauni Waterloo. Saa tisa alikuwa amerudi, ameshika mfuko mtupu, akakata kona ya mtaa wao.

Ukuta wa mbele haukuwapo.

Kuanzia chini ya paa mpaka kwenye mawe, mbao zote zilikuwa zimebanduliwa. Nyumba ilikaa wazi kama mdomo wa mtu aliyeng'olewa meno. Kitanda cha marehemu mama yake kilionekana kutoka barabarani. Kalenda ya kanisa ilikuwa ikipepea. Watu wamesimama, mikono mdomoni, na mbele yao Anko Ransford, simu juu, akipiga picha za kumtumia mkaguzi.

"Umeona?" akamwambia Yamide, mpole kama daktari. "Fundi wako ana akili. Nilizungumza naye asubuhi. Kila mtu ana bei yake."

Santigie alikuwa akishuka ngazi, nyundo mkononi, mavumbi ya miaka mia kwenye nyusi. Alimwona, akatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililommaliza.

"Tuliambizana Jumatano!" Yamide akapiga kelele. "Kona ya chini! Boriti! Nani alikwambia uivue nyumba yangu nguo mbele ya mtaa?"

"Mawingu, Yamide. Nimeona mawingu asubuhi nikasema tusisubiri mvua..."

"Amekupa ngapi?"

Santigie alishuka kipandio cha mwisho.

"Amekupa ngapi, nakuuliza! Anti alisema. Alisema tangu siku ya kwanza. Nyie watu wa bara mkifunguliwa mlango mnaondoka nao!"

Mtaa mzima ukasikia. Katika mji huu tumesema maneno hayo kwa sauti ya chini miaka mia mbili. Waingereza walitufundisha kujiona wa juu, kisha wakapanda mlimani kujijengea nyumba zao za mbao mbali nasi, na sisi tukabaki na kiburi pasipo mlima. Na siku zote, anayelipokea tusi letu ni yule aliyeshika nyundo.

Santigie aliiweka nyundo kwenye mfuko wa zana. Akaweka na patasi. Akaufunga mfuko taratibu.

"Mlango upo palepale, Yamide," akasema. "Utauona ukitulia."

Akaondoka bila kugeuka. Ransford naye aliingiza simu mfukoni, akaenda zake akipiga mluzi.

"Umemaliza?" sauti ikauliza kutoka juu.

Yamide akainua macho. Ghorofani, katikati ya ule uwazi, Anti Regina alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha bembea, kabasiloti imetandazwa, akiutazama mtaa kama bibi aliye kwenye roshani ya ukumbi wa maigizo.

"Anti! Unafanya nini humo?"

"Nakaa kwangu. Niliapa sitoki. Kijana alinifunga kiti kwa kamba kwenye nguzo, nisije nikabembea mpaka barabarani." Akavua miwani. "Mimi ndiye niliyemruhusu aanze leo. Ransford alikuja asubuhi na bahasha. Kijana akamwambia, 'Anko, shika bahasha yako, mimi nimeshika nyundo.' Nilisikia kwa masikio yangu. Nikajisemea, kumbe."

"Lakini kwa nini abandue zote?"

"Na mimi nilimuuliza. Akanijibu kama anamjibu mtoto. Kila ubao umefunikwa na wa juu yake. Huwezi kuufikia wa chini pasipo kuanzia juu. Wewe uliyezaliwa humu hukulijua hilo?"

Hakulijua. Alizijua rangi zote na majina ya watu wote, na hakujua nyumba yake imeshikanaje. Hilo ndilo kosa letu sisi wa nyumba za mbao: tunazisifu, na tunaowaita watu wa bara ndio wanaozijua mifupa.

Akazunguka uani. Chini ya turubai, mbao zilikuwa zimelazwa kwa mpangilio, vijiti katikati zisigusane, na nyuma ya kila moja chaki imeandika: *mbele, 1. Mbele, 2. Mbele, 3.* Mpaka arobaini na saba. Kando yake kulikuwa na kopo lililojaa misumari ya zamani, kila mmoja umenyooshwa.

Hakuna anayevunja nyumba kisha akanyoosha misumari.

Alipiga simu. Ikalia, ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tano akatuma sauti: "Santigie, ni mimi. Nimeona namba. Nimeona misumari. Sina la kusema, ila pokea." Alama zikaonyesha ameisikia. Nyuma ya mlima ngurumo ikajibu badala yake.

"Simu haifuti tusi," Anti Regina akasema. "Umemtukana yeye na waliomzaa, hadharani. Kwao na kwetu, la namna hiyo linaombewa radhi. Unakwenda na kokwa za kola, na mtu mzima wa kukusemea."

"Nani atanisemea kwao?"

Anti Regina akaanza kuifungua kamba ya kiti.

"Nitafutie viatu vya kutokea," akasema.

Jumatano alfajiri walifika Ginger Hall, mtaa wa watu wa bara mashariki ya mji. Anti Regina, ambaye kwa miaka sabini na moja hakuwahi kufika huko isipokuwa kwa kupita, aliruka madimbwi na mwavuli wake, kabasiloti ameikunja mkononi, midomo imebanwa. Santigie alikaa kwa Ya Yebu, dada mkubwa wa mama yake, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mbeba mizigo. Ya Yebu aliwaona. Akaendelea kutwanga. Akatwanga mpaka kinu kikaisha, akapeta, akafagia, na wao wamesimama. Manyunyu yakaanza.

Hatimaye akaleta vigoda viwili.

Anti Regina aliweka sahani ya kola chini, akaigusa kwa mkono wa kulia. "Kushe, dada yangu. Tumekuja kuomba."

"Kuomba nini?"

"Mtoto wetu amemtukana mtoto wenu."

"Alimwambiaje?"

Yamide akafungua mdomo. Ya Yebu akainua kidole. "Nimemuuliza mkubwa."

Anti Regina akalisema, neno kwa neno. Lilisikika baya zaidi katika sauti yake, kwa sababu lilikuwa limerudi kwa mwenyewe.

"Msichana mzuri hivi," akasema Ya Yebu. "Neno bovu hivi alijifunza wapi?"

Tone la mvua likaanguka kwenye sahani. Yamide alimtazama shangazi yake, akafikiri, hataweza, tumekwisha, kesho Alhamisi.

"Kwangu," akasema Anti Regina. "Alijifunza kwangu. Na mimi nilijifunza kwa mama yangu. Naliombea radhi nililolipanda mimi, si la mtoto peke yake."

Ya Yebu akachukua kola moja, akaipasua, akampa kipande. Wakatafuna, wanawake wawili, uchungu uleule.

"Toka huko nyuma ya pazia," Ya Yebu akaita. "Unasikiliza kama mke mwenza."

Santigie akatoka. Mfuko wa zana ulikuwa tayari begani. Yamide akapiga magoti kwenye tope, gauni na yote, akamshika mguu kama desturi inavyotaka.

"Nisamehe, na uniombee radhi kwa Mzee Pratt pia, kwa kazi yake niliyoitukana," akasema, machozi na mvua havitofautiki.

"Pratt angekutukana wewe," akasema Santigie. Sauti yake ilikuwa bado ngumu. "Uliniuliza amenipa ngapi."

"Nilikuuliza."

"Hilo ndilo lililouma. La bara nimelizoea."

"Usilizoee."

Santigie akamnyooshea mkono. "Inuka, Mwenye sindano. Unalowa. Na mimi nilikosa: nilikuwa nakuvulia nyumba bila kukuonyesha inavyovuliwa. Inuka, mvua haingoji mtu amalize kulia."

Siku ile mvua ya mwezi wa sita ilikuja na hasira zake zote. Santigie alileta vijana wenzake watatu na jeki mbili za lori. Wakatundika turubai mbele ya ukuta, upepo ukalirarua, wakatundika lingine. Jeki zikainua kona, kidogo kidogo, nyumba ikalia kuanzia msingi hadi paa, sauti ambayo Yamide hakuwahi kuisikia, na kila mara aliposema "Imevunjika!" Santigie alijibu kutoka chini, "Inajinyoosha!" Saa nane boriti ya zamani ilitoka vipande vipande, kama mkate. Kwa dakika kumi ukuta mzima ulikaa juu ya jeki mbili na pumzi za watu. Anti Regina alikuwa juu kwenye kiti chake. Walimsihi. Akasema ameshawaambia.

Boriti mpya ikaingia. Ikagonga nguzo kwa mlio mkavu.

Wakaanza kupandisha mbao kutoka chini: nafasi ya arobaini na saba kwanza, kisha ya arobaini na sita. Saba za chini zilikuwa zimeoza. Mahali pake Santigie aliweka za akina Thorpe. Yamide alikuwa akimpasia misumari. Vidole vyao vikigusana hawakusema kitu. Hakukuwa na muda wa kusema.

Alhamisi saa tatu asubuhi mkaguzi alifika, mtu mwembamba mwenye koti la mvua, na Ransford nyuma yake na mwavuli. Mbao zilikuwa zimefika kwenye madirisha ya chini tu.

"Si nilikwambia?" Ransford akasema. "Hii imesimama? Unaona mpaka chumbani!"

Mkaguzi hakumjibu. Alitoa timazi, akaining'iniza kwenye nguzo ya kona. Uzito ukayumba, ukayumba, ukatulia. Yamide alikuwa ameuma kitambaa cha kilemba chake bila kujua. Uzi ulishuka sambamba na nguzo. Mkaguzi akaipiga nguzo teke. Akalala chini kwenye tope, akaichoma boriti kwa kisu. Kisu kikakataa.

"Kuvaa nguo nusu si kuanguka," akasema, akijipangusa. "Imesimama." Akaandika. Kisha akaongeza, na kalamu yake ikawa nzito kwa Yamide kuliko mvua: "Itakaguliwa tena kabla ya mvua za mwaka ujao. Kona ya nyuma siipendi."

"Nitangoja," Ransford akasema, akatabasamu. "Mimi nina subira, dada Regina."

"Ngoja huko huko kwenu uliko," ikajibu ghorofa.

Waliondoka. Mvua ikazidi. Santigie na Yamide waliingia ndani, wakasimama nyuma ya ukuta mpya, viganja kwenye mbao, wakisikiliza kama maji yanapita. Bado hayajapita.

"Mwaka mmoja," akasema Yamide. "Ametupa mwaka mmoja tu, Santigie. Halafu kona ya nyuma. Halafu nini?"

"Halafu dari. Halafu ngazi. Nyumba ya mbao haimalizwi, mpenzi. Kila kabla ya mvua, mbao mbili tatu. Ukiacha mwaka mmoja, imekwenda."

"Kila mwaka utatoka Ginger Hall na jeki?"

"Hapana. Nitachoka."

Yamide alimgeukia, uso umepauka. Alimkuta anamtazama yeye, si ukuta.

"Naomba nihamie," akasema Santigie. "Kwa njia ya heshima. Nije na Ya Yebu na watu wangu, waseme yanayosemwa kwenye posa. Siahidi kwamba haitaanguka. Naahidi sitakuwa nje ikianguka."

Mbao zikalia juu yao. Wote wawili wakatega sikio, wakangoja mpaka ziliponyamaza.

"Waje Jumapili," akasema Yamide. "Lakini leta misumari. Kona ya nyuma tuianze Jumatatu."